Mashambani Uingereza bila gari: mwongozo kamili wa treni, basi na miguu

Wapo watu wanaoishi London, Leicester au Manchester miaka mingi bila kuiona Uingereza ya mabonde, maziwa na majabali ya pwani, kwa kudhani kwamba asiye na gari huko hafiki. Anafika. Tena kwa anayependa kutembea, kukosa gari ni faida: mwenye gari lazima arudi pale alipoliegesha, kwa hiyo kila matembezi yake huwa ya mzunguko. Wewe unashuka stesheni moja, unavuka mlima, unapandia treni ya kurudi stesheni nyingine upande wa pili. Unachodaiwa ni kupanga, maana kijijini kuchelewa dakika 5 huweza kukugharimu saa 2 za kusubiri.

Maelezo haya ni ya England. Uskoti na Wales wana nauli, ratiba na sheria zao za njia.

Kanuni ya kwanza: usafiri wa shida uwe asubuhi

Ukishika jambo moja tu hapa, lishike hili. Panga siku yako ili ile sehemu yenye usafiri mchache uimalize asubuhi, na matembezi yaishie mahali penye usafiri mwingi. Yaani panda basi la kijijini kwanza, likupeleke mbali, halafu tembea kurudi kwenye stesheni au mji wenye mabasi ya mara kwa mara.

Wengi hufanya kinyume. Wanashuka kwenye treni, wanaanza kutembea moja kwa moja, na wanategemea basi la saa 10:40 jioni liwarudishe. Siku nzima inakuwa ya kuangalia saa. Mvua ikiwachelewesha, au mtoto akichoka, basi limeondoka na la pili ni la kesho. Ukigeuza mpango, basi la asubuhi likikosekana bado una siku nzima mbele yako na uko stesheni, mahali penye choo na chai. Jioni ukichelewa, unapanda treni inayofuata.

Kama lazima umalizie kwenye basi, lenga lile linalotangulia la mwisho, kamwe usilenge la mwisho lenyewe.

Chagua eneo kwa kutazama reli

Usianze na picha nzuri uliyoiona mtandaoni ukatafuta namna ya kufika. Anza na ramani ya reli, uone ni stesheni zipi ziko ndani au kandokando ya hifadhi za taifa. Haya ndiyo maeneo yanayomfaa asiye na gari:

Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza nchini (1951), inakatwa katikati na reli ya Hope Valley kati ya Manchester Piccadilly na Sheffield. Stesheni za Edale, Hope, Bamford, Hathersage na Grindleford zote ziko kwenye njia za miguu. Kwa mgeni hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapa.

Lake District ina milango miwili. Kusini unashuka Oxenholme, kwenye reli kuu ya London Euston kwenda Glasgow, unabadilisha treni na baada ya dakika 20 hivi uko Windermere. Kaskazini unashuka Penrith na kupanda basi X4 au X5 kwenda Keswick.

Yorkshire Dales ina reli ya Settle hadi Carlisle, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1876. Treni hutoka Leeds. Ukishuka Ribblehead uko chini ya daraja la matao 24 na mlima Whernside (mita 736) uko mbele yako. Ukishuka Horton-in-Ribblesdale, mlima ni Pen-y-ghent (mita 694).

South Downs ndiyo ya karibu kwa mkaazi wa London. Treni kutoka Victoria kwenda Lewes au Eastbourne huchukua saa moja na kitu, na basi namba 12 linapita kandokando ya majabali meupe ya Seven Sisters.

Ukuta wa Hadrian una basi lake, AD122, lililopewa namba ya mwaka ambao ujenzi wa ukuta ulianza. Linaunganisha stesheni za Hexham na Haltwhistle na magofu ya Housesteads na Vindolanda, lakini ni la msimu, kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Januari usiende ukilitegemea.

Cotswolds inafikika kwa treni ya Paddington hadi Moreton-in-Marsh, kisha basi 801 kwenda Stow-on-the-Wold na Bourton-on-the-Water. Vijiji ni vizuri mno, ila Jumapili mabasi ni haba, kwa hiyo nenda siku ya kazi au Jumamosi.

Tahadhari: jina la stesheni halimaanishi kijiji kiko hapo. Mfano mkali ni Dent, kwenye reli hiyo ya Settle hadi Carlisle. Ni stesheni ya juu kuliko zote za reli kuu England, mita 350 hivi, na kijiji cha Dent chenyewe kiko zaidi ya kilomita 6 chini bondeni. Anayeshuka pale jioni akitarajia hoteli ng'ambo ya barabara atalia. Kila mara pima kwenye ramani umbali wa stesheni na pale unapokwenda.

Tiketi na nauli

Tiketi za treni ziko za aina tatu kuu. Advance ni ya treni moja tu uliyoichagua, saa ileile. Hutolewa mapema, hata wiki 12 kabla, na ndiyo rahisi kwa safari ndefu. Off-Peak inakuruhusu treni yoyote nje ya saa za msongamano. Siku za kazi mara nyingi hiyo ni baada ya saa 3:30 asubuhi (09:30 kwenye ratiba), na wikendi siku nzima. Anytime ni ya saa yoyote na ni ghali, mtalii haihitaji.

Kwa matembezi, ushauri ni huu: kwenda nunua Advance ikiwa safari ni ndefu, lakini kurudi uwe na Off-Peak. Mlima haujui ratiba. Ukikosa treni ya Advance kwa uzembe wako, tiketi ile imekufa. Kwa safari fupi ya siku moja nunua Off-Peak ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwani mara nyingi bei yake inazidi ya kwenda tu kwa senti chache.

Kama stesheni ya kushukia na ya kurudia ni tofauti, nunua tiketi ya kwenda na kurudi hadi ile iliyo mbali zaidi kwenye reli hiyohiyo. Tiketi ya Manchester hadi Hope, kwa mfano, inapita Edale, na Off-Peak kwa kawaida inakuruhusu kushuka njiani. Advance haikuruhusu.

Kadi ya punguzo ya reli inagharimu pauni 35 kwa mwaka na inakata theluthi moja ya nauli. Ipo ya vijana wa miaka 16 hadi 25, ya 26 hadi 30, ya watu wawili wanaosafiri pamoja, ya familia na ya wenye miaka 60 na kuendelea. Si lazima uwe mkaazi. Safari moja ya watu wawili kutoka London hadi Windermere inaweza kukaribia kuilipa kadi. Zingine zina masharti ya saa za asubuhi, zisome kabla hujanunua. Wakiwa watu wazima 3 hadi 9 bila kadi, kampuni nyingi hutoa punguzo hilohilo la theluthi kwa kundi, liitwalo GroupSave. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, wa 5 hadi 15 hulipa nusu.

Nunua tiketi kabla ya kupanda. Stesheni yenye mashine ya tiketi inahesabiwa kuwa ulikuwa na nafasi ya kununua, na faini ni pauni 100 juu ya nauli, nusu yake ukilipa ndani ya siku 21.

Basi ni rahisi zaidi. Tangu Januari 2025 safari moja ya basi nje ya London haizidi pauni 3 kwenye kampuni zilizo ndani ya mpango wa serikali, nao umeongezwa hadi Machi 2027. Pauni hizo 3 zinakupeleka kituo kimoja au kutoka Kendal hadi Keswick, mwendo wa zaidi ya saa moja na nusu katikati ya milima. Lakini ukibadilisha basi unalipa tena. Ukiona utapanda mabasi matatu au zaidi kwa siku, muulize dereva bei ya tiketi ya siku nzima. Gusa kadi ya benki au simu. Beba pia pauni 10 za noti ndogo na sarafu, kwa sababu mashine za vijijini hukwama na vyoo vya umma vingine vinataka sarafu.

Kusoma ratiba ya basi la kijijini

Hapa ndipo wengi huumia, basi tuende polepole.

Hatua ya kwanza, geuza saa. Ratiba zote ni za saa 24 kuanzia usiku wa manane. Toa 6 upate saa yetu: 09:15 ni saa 3:15 asubuhi. Kwa 17:40 toa 12 upate 5:40, kisha ongeza 6: saa 11:40 jioni. Andika saa za safari yako kwa mfumo mmoja tu kwenye karatasi moja. Anayechanganya mifumo miwili hukosa basi akiwa amekaa umbali wa mita mia.

Hatua ya pili, tafuta safu ya siku yako. Jumatatu hadi Ijumaa ni ratiba moja, Jumamosi nyingine, Jumapili nyingine kabisa au hakuna basi. Sikukuu za umma kwa kawaida hufuata ratiba ya Jumapili. Siku ya Krismasi treni hazitembei nchi nzima na mabasi karibu yote hulala. Tarehe 26 Desemba hali inakaribia kuwa hiyohiyo.

Hatua ya tatu, soma herufi ndogo juu ya kila safu. Herufi kama Sch au SD maana yake basi hilo hutembea siku za shule tu. Ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Unaona basi la saa 9:50 alasiri (15:50), unalipanga, kumbe ni Agosti na shule zimefungwa. Kuna na kinyume chake: basi la siku zisizo za shule tu. Tafuta tarehe za likizo za shule za wilaya hiyohiyo, kwani hazifanani nchi nzima.

Hatua ya nne, angalia tarehe ya kuanza na kuisha kwa ratiba. Mabasi ya maeneo ya utalii yana ratiba ya kiangazi na ya baridi, na hubadilika karibu na Pasaka na tena vuli. Karatasi iliyobandikwa kituoni inaweza kuwa ya msimu uliopita. Iamini tovuti ya kampuni ya basi kuliko karatasi, na karatasi kuliko programu ya ramani ya simu.

Hatua ya tano, hakiki kwa vyanzo viwili. Traveline inapanga safari nzima ya treni, basi na miguu. Tovuti ya bustimes.org inaonyesha ratiba za nchi nzima, na kwa mabasi mengi inaonyesha gari lenyewe liko wapi muda huo. Kwa treni tumia National Rail. Itazame tena usiku wa kuamkia safari, hasa wikendi, kwa sababu matengenezo ya reli hufanywa Jumamosi na Jumapili na treni hubadilishwa na basi linalochukua muda mara mbili.

Maeneo mengine hayana basi la ratiba tena. Kuna basi dogo la kuitwa. Mkoa wa Gloucestershire lipo liitwalo The Robin, Lincolnshire lipo CallConnect. Unajiandikisha, unataja kituo na saa, wao wanakujibu saa watakayokupitia. Usingoje ufike ndipo upige simu, nafasi huisha.

Kati ya treni na basi acha pengo. Basi halingoji treni iliyochelewa. Kama basi linapita kila nusu saa, dakika 10 zinatosha. Kama ni moja kwa saa 2, fika kwa treni iliyotangulia, hata kama utakaa dakika 50 ukinywa chai.

Kituoni na ndani ya basi

Basi la huku halina konda wa kuita majina ya vituo na halingoji kujaa. Linaondoka kwa saa. Fika dakika 5 kabla, simama dereva akuone, na linapokaribia nyosha mkono. Usiponyosha, anaweza kupita. Vijijini kituo huweza kuwa nguzo moja upande mmoja wa barabara, na basi la upande wa pili linasimama ng'ambo yake pasipo alama yoyote. Magari yanakwenda kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi ajikumbushe, maana ukisimama upande usio wako utaliona basi likipita. Giza likiingia, washa tochi ya simu na uielekeze chini ili dereva aone mtu.

Mwambie dereva jina la kituo unachoshukia na umwombe akuambie mkifika. Ukishuka msalimu kwa asante. Huku ni desturi ya kila abiria.

Kwenye treni, stesheni fupi na treni ndefu hazipatani. Sikiliza tangazo la mabehewa yatakayofunguka, mara nyingi ya mbele. Stesheni nyingine ndogo ni za kuomba: unamwambia kondakta mapema kwamba unashuka, na ukiwa nje unanyosha mkono treni ikuone. Baadhi zina kitufe cha kubonyeza.

Ramani, rangi za njia na hesabu ya muda

England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia ambazo umma una haki ya kupita, nyingi zikikatiza mashamba ya watu binafsi. Ni haki ya kisheria, hivyo usijione mvamizi unapopita uani kwa mkulima ikiwa mshale unaelekea huko. Mshale wa njano ni wa miguu tu. Buluu ni miguu, farasi na baiskeli. Zambarau huruhusu hao pamoja na mikokoteni ya farasi. Mwekundu ni wazi hata kwa magari. Alama ya tunda la mwaloni ni njia kuu ya kitaifa.

Ramani ya kununua ni Ordnance Survey Explorer, yenye jalada la rangi ya machungwa na kipimo cha 1:25,000, yaani sentimita 4 kwa kilomita. Vipande vifupi vya kijani ni njia ya miguu, virefu ni ya farasi. Vipande vyeusi vinaonyesha kijia kilichopo ardhini, lakini havikupi haki ya kukipita. Ramani ya karatasi huja na namba ya siri ya kuipakua kwenye simu. Ipakue nyumbani, mabondeni mtandao hukatika, na simu kwenye baridi humaliza chaji upesi.

Muda uhesabu hivi: kilomita 4 kwa saa, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda, kisha ongeza dakika 10 hadi 15 za mapumziko kwa kila saa. Kanuni ya zamani ya Naismith, ya mwaka 1892, inasema kilomita 5 kwa saa, lakini hiyo haina matope, watoto wala picha.

Halafu tazama machweo. Kwetu jua linazama karibu saa ileile mwaka mzima. Huku Desemba giza linaingia saa 10 jioni, na Juni bado kuna mwanga saa 3 usiku. Matembezi ya saa 6 yaliyo mepesi mwezi Juni ni ya hatari Desemba. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Siku moja kwa mfano: Edale hadi Hope

Toka Manchester au Sheffield kwa treni ya asubuhi inayosimama kila stesheni. Shuka Edale. Kijiji kina choo na baa mbili. Ile ya Old Nags Head ndiyo mwanzo rasmi wa Pennine Way, njia kuu ya kitaifa ya miguu iliyofunguliwa 1965. Jaza maji hapa.

Shuka hadi barabara ya bonde, kisha fuata njia ya miguu inayopanda kusini hadi Hollins Cross, pengo kwenye ukingo wa mlima. Huu ndio mpando mkubwa wa siku, nenda polepole. Ukifika juu, geuka kulia na ufuate njia ya mawe bapa hadi Mam Tor, mita 517. Upande wa mashariki mlima huu umemeguka na unaendelea kuteleza. Barabara kuu iliyopita chini yake iliachwa mwaka 1979 baada ya kupasuka tena na tena, na vipande vyake vya lami bado vinaonekana.

Rudi Hollins Cross, endelea mashariki kupitia Back Tor hadi Lose Hill, mita 476. Panapovunja moyo ni Back Tor: mteremko na mpando mfupi wa miamba ambao ukilowa unateleza. Tumia mikono. Kutoka Lose Hill shuka kusini-mashariki kuelekea Hope. Stesheni iko nje kidogo ya kijiji, upande wa mashariki, kwa hiyo weka dakika 15 za ziada kama utapitia kijijini kula.

Hesabu: kilomita 12 hivi ni saa 3, mita 450 za kupanda ni dakika 45, mapumziko dakika 45. Jumla saa 4 na nusu. Ukianza saa 4:30 asubuhi, unamaliza saa 9 alasiri, na hata ukipotea saa nzima, treni zipo.

Upepo ukiwa mkali, usiende ukingoni. Kaa bondeni, tembea kutoka Edale kwenda Hope kwa njia za chini. Treni ya kurudi ni ileile.

Basi, mashua na miguu katika Lake District

Huku uti wa mgongo ni basi 555: Kendal, Windermere, Ambleside, Grasmere, Keswick. Panga malazi kwenye mstari huo na kila kitu kinakuwa chepesi. Hosteli ya YHA Ambleside iko kando ya ziwa na ina jiko la wageni. Anayeanza, au mwenye watoto, apande 555 hadi Grasmere, kisha atembee kurudi Ambleside kupitia Rydal. Barabara ya basi iko jirani karibu njia nzima. Mtoto akikataa, mnateremka kituoni.

Matembezi yanayoonyesha kanuni yetu vizuri ni ya ziwa Ullswater. Toka Penrith kwa basi 508 hadi Glenridding. Usianze kutembea. Panda mashua kwanza hadi Howtown, ng'ambo ya ziwa, halafu rudi Glenridding kwa miguu kandokando ya maji kupitia Sandwick na Patterdale, kilomita 11 hivi. Kampuni hii ya mashua imo majini tangu 1859, na mojawapo ya vyombo vyake, Lady of the Lake, ilishushwa mwaka 1877. Wanaotembea kwanza kwenda Howtown huikimbilia mashua ya mwisho mahali pasipo basi la kuaminika. Wewe utakuwa tayari umeshamalizana nayo. Ila 508 nalo si la kila dakika: angalia ratiba ya kurudi Penrith kabla ya kukata tiketi ya mashua, na upepo ukiwa mkubwa piga simu kuuliza kama vyombo vinatoka.

Keswick ni rahisi zaidi. Mashua ndogo huzunguka ziwa Derwentwater kwa pande zote mbili na kusimama kwenye magati kadhaa. Shuka Hawse End, panda Cat Bells (mita 451), teremkia gati jingine upande wa kusini, rudi kwa mashua. Nusu siku inatosha.

Pwani ya Seven Sisters

Kutoka Eastbourne au Seaford panda basi 12, shuka Seven Sisters Country Park, Exceat. Tembea juu ya majabali hadi Birling Gap, kisha Beachy Head (mita 162), na uteremkie Eastbourne, karibu kilomita 13 zenye kupanda na kushuka kwingi. Treni za London Victoria zinakusubiri huko. Mwenye nguvu aanzie stesheni ya Seaford, inakuwa kilomita 22 hivi. Mto Cuckmere hauvukiki mdomoni, lazima uzunguke kwa daraja la Exceat. Ukichoka Birling Gap, kata juu hadi kijiji cha East Dean ukapande 12.

Kaa mita kadhaa mbali na ukingo. Chaki hiyo hukatika bila onyo, na mara nyingi nyasi zimening'inia hewani bila kitu chini yake. Picha ya ukingoni imeua watu. Usikae pia chini kabisa ya jabali ufukweni.

Vya kubeba na vya kuangalia njiani

Koti lisilopenyeza maji kabisa, si lile la manyunyu. Nguo ya joto ya ziada hata Julai. Viatu vyenye meno. Viatu vya michezo vinatosha kiangazi njia kavu, lakini Novemba hadi Machi matope hufika kwenye vifundo. Usivae jinzi: ikilowa haikauki. Tochi, betri ya akiba, maji lita 1 na nusu, na chakula zaidi ya unachodhani utakula. Anayekula halali abebe chakula chake chote, maana dukani kijijini atapata jibini, mayai na mkate, kidogo zaidi ya hapo. Baa ya kijijini ni mahali pa heshima. Unaweza kuingia na watoto, ukaagiza chai na viazi bila kuulizwa kitu.

Lango uliache ulivyolikuta: limefungwa lifunge, limefunguliwa liache. Ng'ombe wenye ndama usipite katikati yao na watoto wao. Zunguka mbali hata kama ni kutoka njiani, kisha urudi. Ukiwa na mbwa na wakakujia, mwachie mbwa. Kiangazi kagua miguu jioni kwa ajili ya kupe, hasa ukipita kwenye majani marefu. Huku wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, tembea kulia, ukitazamana na magari.

Mambo yakiharibika

Basi halijatokea. Ngoja dakika 10, kisha tazama bustimes.org kama linaonekana. Kama halipo, piga simu ya kampuni iliyoandikwa kituoni. Ndiyo pekee wanaojua kama limefutwa. Ukiwa na tiketi ya treni na treni ndiyo iliyokuchelewesha hadi ukakosa ya mwisho, bonyeza kitufe cha msaada jukwaani: kampuni za reli zina wajibu wa kukufikisha au kukutafutia pa kulala zikiweza. Basi la kijijini halina dhamana hiyo. Treni ikichelewa dakika 15 au 30, kutegemea kampuni, dai fidia kwenye tovuti yake, tiketi ihifadhi.

Teksi za kuita kwa programu hazipo vijijini. Kabla ya safari andika namba mbili za teksi za mji wa karibu na uulize bei. Ijumaa na Jumamosi jioni hujaa, hivyo piga mapema, ukiwa bado mlimani kwenye mtandao.

Umeumia au umepotea juu mlimani: piga 999 au 112, omba polisi, kisha kikosi cha uokoaji milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi pesa. Wape namba za mraba za ramani ulipo, idadi yenu na aina ya jeraha, kisha msisogee. Sauti ikikataa lakini ujumbe unapita, unaweza kutuma SMS kwa 999, ila simu lazima iwe imesajiliwa: tuma neno register kwenda 999 ukiwa nyumbani na ufuate maelekezo. Bila simu, puliza filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.